Tulinakili sheria ya Kanada, mlinzi tukamwacha huko huko



Leo naandika kuhusu kaunta buku. Ni kaunta buku la kawaida, jalada gumu, la bei ya dukani. Ndani yake mna majina ya wanachama wa tawi letu: jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya kadi, namba ya simu, mtaa. Mimi ni katibu wa vijana wa tawi, kwa hiyo kurasa za vijana nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Miezi michache iliyopita wanaume wawili walifika jioni kwa katibu wetu wa tawi, wakati mzee anafunga genge lake. Walisalimia vizuri tu, shikamoo mzee, marahaba. Wakasema wao ni watu wa serikali na wanataka kuliona daftari la wanachama "kwa ajili ya kumbukumbu". Mzee akawaomba vitambulisho. Mmoja akacheka, akasema, "Mzee, sisi hatutembei na vitambulisho." Mzee akawajibu kwamba daftari liko kwa mwenyekiti na mwenyekiti kasafiri. Wakaaga, wakaondoka. Hadi leo hawajarudi.

Daftari lilikuwa chini ya mfuko wa mchele, hatua mbili kutoka pale walipokuwa wamesimama.

Habari ikasambaa mtaani. Ndani ya wiki moja watu 11 walinifuata kuniomba nifute majina yao. Hawakuja kwa hasira, walikuja kwa aibu. Binti mmoja aliyemaliza ualimu aliniambia, "Dada, nasubiri kuitwa kwenye usaili. Naomba unitoe. Kura yangu unaijua." Baba mmoja mwenye leseni ya duka hakusema sababu, alisema tu, "Mwanangu, wewe futa." Nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikafuta. Mama yangu naye akanipigia simu usiku kuuliza kama jina langu na lenyewe limo.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana najua makala hii itasomwa pia na watu wanaotafuta sentensi ya kunishikia. Sijui wale wanaume walikuwa kina nani. Yawezekana walikuwa matapeli. Yawezekana ni vijana wa mtaani waliotumwa na mtu mwenye ugomvi na mzee. Simshutumu mtu wala ofisi. Ninachosema ni kwamba katika Jamhuri hii hakuna mahali ambapo raia anaweza kwenda akauliza "wale walikuwa wenu?" akapata jibu lililothibitishwa na mtu asiye wa humo ndani. Na kwa sababu hapo mahali hapapo, matapeli wawili, au maofisa wawili, wana nguvu ileile: wanaweza kufuta wanachama 11 bila hata kugusa daftari.

Nikarudi chuoni nikiwa na hilo swali. Nikakaa kimbwetani na sheria zenyewe, siyo madesa, sheria zenyewe. Nilichokikuta ndicho nataka tukizungumze.

Wengi wetu tunadhani Usalama wa Taifa hauna sheria, kwamba ni kitu kinachoelea tu juu ya nchi. Siyo kweli. Idara ilifanya kazi miaka mingi bila sheria yake yenyewe, lakini mwaka 1996 Bunge lilitunga Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa. Ni Sura ya 406. Kila mtu anaruhusiwa kuisoma. Na katika sheria hiyo, kama ilivyotungwa mwaka 1996, kifungu cha 5 kina maneno ambayo yalinifanya nisimame kabisa. Kwa Kiswahili changu yanasema hivi: haitakuwa kazi ya Idara kumfuatilia mtu yeyote, au kundi lolote la watu, kwa sababu tu anashiriki maandamano halali au anapinga kwa njia halali jambo linalohusu Katiba, sheria au Serikali ya Tanzania.

Soma tena taratibu. Kupinga Katiba hii siyo sababu ya kufuatiliwa. Kupinga sheria siyo sababu. Kupinga Serikali siyo sababu. Maneno haya hayakuandikwa na chama chetu. Yalipitishwa na Bunge ambalo chama tawala kilikuwa na wingi mkubwa ndani yake. Nilipomsomea yule mzee wetu wa tawi kwenye simu, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa binti, hayo maneno anayalinda nani?"

Swali la mzee wa genge ndilo swali lote la taaluma hii. Kuna maprofesa wanaandika vitabu kuhusu vyombo vya ujasusi katika nchi za kidemokrasia, na ukivikusanya vyote vinazunguka hapo hapo. Hakuna anayebisha kwamba nchi inahitaji siri. Ubishi ni kwamba kitu kinachofanyika gizani kinapataje kujulikana kuwa ni halali.

Kwa hiyo nikafuatilia maneno yale yametoka wapi. Jamani, sheria nazo zina wazazi. Ukiweka sheria yetu ya 1996 kando ya sheria ya Kanada ya mwaka 1984 iliyounda idara yao ya ujasusi, utadhani ni mtu na mdogo wake. Namna tishio la usalama linavyofafanuliwa, ujasusi, hujuma, ushawishi wa kigeni, matumizi ya nguvu kwa malengo ya kisiasa, inafanana mno. Na ile kinga ya utetezi halali, maandamano halali na upinzani halali, imo katika sheria ya Kanada pia. Hakuna ubaya kunakili kwa jirani aliyepata. Lakini kabla hujanakili, muulize jirani kwa nini aliandika hivyo.

Kanada waliandika hivyo kwa sababu waliibiwa daftari.

Mwaka 1970 jimbo la Quebec lilikuwa na kundi la siri lililokuwa likitega mabomu. Kundi hilo lilimteka mwanadiplomasia wa Uingereza na waziri wa jimbo, Pierre Laporte, na waziri huyo akauawa. Hilo lilikuwa tishio la kweli, si la kubuni. Kitengo cha usalama cha polisi wa taifa, wale wanaojulikana duniani kwa koti jekundu na farasi, kikapewa kazi ya kulizuia. Kikaifanya. Halafu kikaendelea mbele. Mwaka 1972 maofisa wake walichoma moto ghala la shambani usiku ili watu waliokuwa wanawashuku wasikutanie humo. Januari 1973 waliingia kwa siri usiku katika ofisi moja mjini Montreal, wakachukua kanda za kompyuta, wakazinakili, wakazirudisha kabla ya asubuhi. Ndani ya kanda hizo kulikuwa na nini? Orodha ya wanachama wa Parti Québécois. Chama halali. Kilikuwa na wabunge. Kilikuwa cha upinzani jimboni. Karibu miaka minne baadaye, Novemba 1976, wananchi walikichagua kikaunda serikali ya jimbo.

Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatembea kidogo. Nchi tajiri, yenye mahakama zake, yenye magazeti yake, na bado mtu wa usalama aliingia usiku kuchukua majina ya watu waliojiunga na chama halali. Kwao ilikuwa kanda ya kompyuta, kwetu ni kaunta buku. Hamu ni ileile.

Tofauti ni kilichofuata. Mambo hayo yalipovuja, mwaka 1977 serikali iliunda tume chini ya Jaji David McDonald. Ilikaa miaka, ikahoji maofisa, ikatoa ripoti yake ya mwisho mwaka 1981. Ilipendekeza kazi ya ujasusi iondolewe mikononi mwa polisi ikapewe idara ya kiraia yenye mipaka iliyoandikwa, na idara hiyo isiachwe peke yake. Ndipo ikaja sheria ya 1984. Na sheria hiyo haikuishia kwenye katazo. Ilisema ofisa akitaka kusikiliza simu ya mtu aende kwa jaji wa Mahakama ya Shirikisho aombe kibali kwa kiapo. Na iliunda kamati ya kuichunguza idara, ya watu ambao si wabunge wala maofisa, ambao Waziri Mkuu hawezi kuwateua mpaka kwanza awasiliane na Kiongozi wa Upinzani na viongozi wa vyama vyenye wabunge wasiopungua 12. Upinzani unaulizwa! Kamati hiyo ikapewa haki ya kuona mafaili ya idara na kupokea malalamiko ya raia.

Sisi tulipofika kunakili tulichukua katazo. Kamati hatukuichukua. Ni kama mtu aliyenunua mlango mzuri wa mninga, kufuli akaliacha dukani, kisha akawaambia watoto walale kwa amani kwa sababu mlango upo.

Kuna watakaosema kamati za Wazungu ni maonyesho tu. Basi tuangalie matokeo. Idara mpya ya Kanada ilirithi watu wa zamani na tabia za zamani. Ilikuwa na kitengo kilichoweka mafaili ya raia kwa sababu ya siasa zao. Nani aliyekiibua? Kamati ile ile, katika taarifa yake ya mwaka 1987, na mwaka huo huo waziri akatangaza kwamba kitengo kinavunjwa. Mwaka 1987 pia ilibainika kwamba kiapo kilichopelekwa kwa jaji kuomba kibali kilikuwa na maelezo yasiyo ya kweli. Mkurugenzi wa idara akajiuzulu. Novemba 2016, Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba idara ilikuwa imehifadhi kinyume cha sheria taarifa za mawasiliano za watu wasio tishio lolote, kwa miaka kumi. Mwaka 2019 waliibadilisha kamati yao, wakaunda chombo kipya chenye uwezo wa kuvichunguza vyombo vyao vyote vya usalama kwa pamoja.

Je, Kanada ni peponi? Hapana. Wale jamaa wamevunja sheria tena na tena. Ila sisi tunajua kwamba wamevunja, na ndiyo hoja yangu yote. Kwetu sisi hatujui kama sheria inavunjwa au haivunjwi, na hali ya kutojua inaitwa amani na utulivu.

Sasa nijibu hoja ambazo nazisikia kila nikilizungumzia jambo hili, hata kutoka kwa wana wa chama chetu wenyewe.

Hoja ya kwanza: "Dada, ujasusi haufanyiki kwenye mwanga." Nakubali asilimia mia. Nchi hii imewahi kuwa na maadui wa kweli. Januari 1964 jeshi liliasi. Februari 1969 Eduardo Mondlane wa FRELIMO aliuawa hapa hapa Dar es Salaam kwa bomu lililotegwa ndani ya kifurushi cha posta, wakati mji huu ni nyumbani kwa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Agosti 7, 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa na Watanzania wenzetu wakafa. Kuna watu wasio na jina waliokesha ili mambo mengine ya namna hiyo yasitokee, na sijui hata wa kumshukuru. Siombi majina ya watoa habari wao. Siombi kujua nani yuko wapi anamfuatilia jasusi gani.

Lakini siri ziko za aina mbili na tunachanganyiwa makusudi. Kuna siri ya kazi: mbinu, vyanzo, jina la mtu atakayeuawa likitajwa. Na kuna siri ya utawala: nani anatoa kibali, kwa sheria ipi, nani anakagua, raia akionewa aende wapi. Ya kwanza inalinda nchi. Ya pili inawalinda wakubwa dhidi ya nchi. Adui wa Tanzania hafaidiki chochote akijua kwamba Tanzania ina jaji anayesaini vibali.

Na hapa sheria zetu zenyewe zinasaidia kuchanganya. Ipo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, ambayo ni tofauti na hii ya Idara. Ukiuliza jambo la siri ni nini, sheria ile inakujibu: ni taarifa au kitu chochote ambacho ofisa aliyeidhinishwa ametangaza kuwa ni siri. Basi. Siri ni kile alichosema ofisa kuwa ni siri. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiandika fasili kama hiyo kwenye mtihani anakatwa alama. Halafu tunaambiwa Katiba ibara ya 18 inatupa haki ya kutafuta na kupokea habari, na ibara ya 16 inalinda faragha yetu. Haki zote hizo mbili zinakutana na muhuri wa ofisa mmoja, na muhuri unashinda.

Hoja ya pili: "Mbona kuna Tume ya Haki za Binadamu na kuna Kamati ya Bunge?" Tuanze na Tume. Ibara ya 130 ya Katiba inasema Tume ni huru na haifuati maagizo ya mtu. Ukishafurahi, shuka mstari unaofuata: uhuru huo haumzuii Rais kuiagiza Tume, na Tume haina haki ya kukaidi, pale Rais anapoona masilahi ya taifa yanahitaji hivyo. Na Mkurugenzi Mkuu wa Idara anateuliwa na nani? Na Rais. Anawajibika kwa nani? Kwa Rais. Kwa hiyo anayelalamikiwa na anayeweza kusimamisha malalamiko wanakutana kwenye meza moja. Simsemi Rais huyu au yule, nasema kiti. Kiti hicho siku moja atakikalia mtu wa chama chetu, na siku hiyo nataka maneno haya haya yasomwe kwa sauti mbele yake.

Bunge je? Ipo Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama. Mwaka 2023 sheria ya Idara ilirudi bungeni kufanyiwa marekebisho. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kumleta yule mlinzi tuliyemwacha Kanada. Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020, ambamo wapinzani walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, lilipitisha marekebisho hayo, na kelele kubwa nje ya Bunge ilikuwa juu ya kinga kwa maofisa dhidi ya mashtaka kwa wanayoyafanya kazini kwa nia njema. Nia njema! Mimi sibishani na nia njema. Nauliza nani anaipima. Daktari ana nia njema na bado kuna baraza la kumchunguza. Wakili ana nia njema na bado kuna kamati ya nidhamu. Ofisa anayefanya kazi gizani, mwenye uwezo ambao daktari na wakili hawana, yeye nia yake inathibitishwa na bosi wake. Kinga iliongezwa nguvu, chombo huru cha kuchunguza hakikuundwa.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi: "Usimamizi utaidhoofisha Idara." Turudi Kanada mara ya mwisho. Juni 23, 1985 ndege ya Air India ililipuka karibu na pwani ya Ireland, wakafa watu 329, wengi wao raia wa Kanada. Idara yao ilikuwa ikimsikiliza mtuhumiwa mkuu kabla ya tukio. Kanda nyingi za mazungumzo hayo zikafutwa, kwa utaratibu tu wa ofisi. Kesi ilipoisha mwaka 2005 washtakiwa wawili waliachiwa huru. Tume iliyochunguza ilitoa ripoti mwaka 2010 na kuuanika uzembe wote, ikiwemo idara na polisi kufichana taarifa. Kilichoua ushahidi wa watu 329 hakikuwa mkaguzi. Ilikuwa tabia ya siri isiyokaguliwa. Giza halichagui: linaficha uonevu, na linaficha uvivu pia. Mtu anayeipenda Idara yetu kweli angetaka ikaguliwe, ili pesa na akili ziende kwa majasusi na magaidi na wauza madawa, siyo kwa kaunta buku la tawi lenye mama lishe na waendesha bodaboda.

Na ndugu zetu wa chama tawala, msicheke. Nendeni Afrika Kusini mkaulize. Mwaka 2018 Rais Ramaphosa aliunda jopo chini ya Sydney Mufamadi kuichunguza idara yao ya usalama. Ripoti ilitolewa hadharani Machi 2019. Ilikuta kwamba idara ilikuwa imeingizwa kwenye siasa za makundi ndani ya chama tawala chenyewe. Ndani ya ANC! Chombo kisicho na msimamizi hakiishii kwa wapinzani. Kinahudumia kundi lililo karibu na mkono unaosaini, na leo kundi hilo ni lako, kesho ni la mpinzani wako wa kura za maoni. Kada unayechekelea leo, mtandao wako nao una daftari.

Jirani zetu Kenya hawajafika, na mateso ya vyumba vya chini vya Nyayo House hayajasahaulika. Lakini waliandika katika Katiba yao ya 2010 kwamba vyombo vya usalama haviruhusiwi kutumikia masilahi ya chama chochote cha siasa, na mkuu wa ujasusi anasailiwa na Bunge kabla ya kushika kazi. Hawajawa malaika kwa kuandika hivyo. Ila Mkenya akionewa ana kifungu cha kushika mkononi na kamati ya kuipelekea malalamiko yake.

Nimalizie na jambo zito, na naliandika kwa uangalifu. Ben Saanane alitoweka Novemba 2016. Azory Gwanda, mwandishi wa habari, alichukuliwa Kibiti Novemba 2017. Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao, kada wa upinzani, alishushwa kwenye basi Tegeta, na muda mfupi baadaye mwili wake ukapatikana. Rais mwenyewe alilaani na kuagiza vyombo vimpelekee taarifa. Sijui nani alifanya. Lakini angalieni taarifa inakokwenda: inapanda juu kwa aliyeagiza, haishuki chini kwa mama wa marehemu.

Na hapa nawaambia hata maofisa wa Idara mnaosoma, maana najua mnasoma: ninyi mnaumia pia. Mwenzetu akitoweka mtaa mzima unasema "kitengo hicho". Labda siyo ninyi. Labda hamkuhusika hata kidogo. Nani atakayewasafisha? Msemaji wenu? Mtu huru aliyefungua mafaili yenu yote akatoka akasema "nimeangalia, hawakuhusika" ndiye peke yake ambaye sisi tungemwamini. Mmenyimwa shahidi wenu wa utetezi, na mnashangilia.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, tuache kulia "Usalama wanatuonea" kama watu wasio na hoja. Tudai vitu vinavyoandikika.

Kwanza, katazo la 1996 la kufuatilia upinzani halali liingizwe kwenye Katiba mpya, ili Bunge la siku moja lisiweze kulifuta. Pili, kusikiliza simu au kusoma ujumbe wa raia kuhitaji kibali cha jaji, si cha ofisa wala waziri. Tatu, kiundwe chombo huru cha kuichunguza Idara, chenye haki ya kuona faili lolote, chenye wajumbe ambao upinzani umehusishwa kuwateua, kinachopokea malalamiko ya raia na kutoa taarifa ya kila mwaka. Nne, Mkurugenzi Mkuu ateuliwe na Rais lakini athibitishwe na Bunge. Tano, siri ya taifa ipewe fasili: ni nini, kwa madhara gani, na kwa miaka mingapi. Sita, yote hayo yaandikwe kwa Kiswahili, ili mzee wa genge ajisomee bila kumpigia simu mwanafunzi.

Na sisi tuanze nyumbani. Chama chetu kichapishe mapendekezo haya kama muswada, vifungu vyote. Mimi na wenzangu wanne wa darasani tumeanza rasimu. Wanasheria wakubwa wa chama, tunawaomba muda wenu, siyo picha za pamoja.

Jumamosi iliyopita nilirudi tawini. Mzee alilitoa daftari chini ya mchele, likiwa na vumbi jeupe. Tulihesabu mistari myekundu, ilikuwa 11. Halafu yule binti wa ualimu akapita dukani, akatuona, akasimama. Usaili ulikuwa umeshapita, hakuitwa. Akasema, "Dada, unaweza kuniandika tena, au mpaka kadi mpya?" Nikamwandika chini kabisa, kwa wino wa bluu, na namba ya simu nikaiacha wazi kwa sababu aliniomba niiache.

Siku nchi hii itakapokuwa na mlinzi wa walinzi, nitaijaza hiyo namba.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria na katibu wa vijana wa tawi. Tawi halikutajwa kwa sababu mnazijua sasa.